Kwa nini wanafunzi wetu hawaijui kenyaiti?

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Aghalabu methali hii hutajwa pale vijana wanapolaumiwa kwa kuiga mavazi na lugha za wageni. Leo ningependa kuitumia kwa mintarafu ya jambo ambalo ni nadra kujadiliwa magazetini, nalo ni elimu ya mawe na madini.

Juma lililopita, mjukuu wangu aliye katika shule ya upili alinijia nyumbani kwangu hapa Spring Valley, magharibi mwa jiji la Nairobi, akiwa na zoezi la likizo. Alitakiwa kutaja makundi ya madini ya silikati na kutoa mfano wa kila kundi. Mifano yote aliyokuwa ameinakili daftarini ilitoka Ulaya na Marekani. Nilimwuliza iwapo amewahi kusikia madini yaitwayo kenyaiti. Alicheka sana. "Babu, hayo umeyabuni wewe," akasema.

Sikumlaumu, kwa maana mimi mwenyewe nina deni. Miaka mingi iliyopita nilipokuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya bweni, mwanafunzi mmoja Mmaasai alirudi kutoka likizo akiwa na bonge jeupe, laini kama kinyunga cha unga. Alisema amelitoa kando ya Ziwa Magadi. "Mwalimu, hili ni jiwe gani?" Nililitazama kwa dakika moja nikamjibu kwamba hayo ni magadi tu, yale yale ambayo akina mama hutia katika maharagwe yapate kuiva upesi. Darasa zima liliangua kicheko. Kijana alilitupa bonge lake dirishani, na tangu siku hiyo hakuniuliza swali jingine.

Yamkini nilikosea. Mwaka 1967, mwanajiokemia Hans Eugster wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani alitangaza katika jarida la Science kwamba matabaka ya kale ya Ziwa Magadi yana madini mawili ambayo sayansi haikuwa imeyatambua kabla ya hapo. La kwanza aliliita magadiiti, kwa jina la ziwa. La pili aliliita kenyaiti, kwa jina la nchi yetu. Yote mawili ni silikati za sodiamu zenye maji ndani yake.

Yafaa tueleze tofauti, maana hapo ndipo nilipoteleza. Magadi ya kupikia ni kaboneti ya sodiamu. Hayana silika katika muundo wake. Ukiyatia majini huyeyuka, na ukiyadondoshea siki hutoa povu. Magadiiti ikisafishwa vizuri haiyeyuki upesi namna hiyo, wala haitoi povu. Kikombe cha maji na vijiko viwili vya siki vingetosha kunionyesha kwamba huenda bonge lile halikuwa magadi. Ni kweli kwamba jaribio hilo lingenieleza tu kile ambacho halikuwa. Kulitambua kwa hakika kungehitaji mionzi ya eksrei, ambayo hupima umbali kati ya tabaka na tabaka ndani ya fuwele: takriban nanomita 1.5 kwa magadiiti, na karibu nanomita 2 kwa kenyaiti. Hata hivyo, mwanafunzi angaliondoka darasani akiwa na swali zuri badala ya aibu.

Sasa tuje kwenye uainishaji. Msingi wa silikati zote ni mmoja: atomu moja ya silikoni iliyozungukwa na atomu nne za oksijeni, katika umbo mfano wa piramidi ndogo. Wataalamu huyagawa madini haya kwa kuangalia jinsi piramidi hizo zinavyoshikana. Kuna zinazokaa moja moja, kuna zinazoshikana mbili mbili, kuna zinazofanya pete, kuna zinazofanya mnyororo, kuna zinazotandazwa kama karatasi, na kuna zinazoungana pande zote kama nguzo na boriti za nyumba.

Mwalimu hana haja ya kuvuka bahari ili kupata mifano ya makundi hayo. Ganeti ya kijani ya Taita Taveta, ijulikanayo kama tsavoraiti, ni ya kundi la kwanza. Tanzanaiti ya Mererani ina jozi za piramidi ndani yake. Zumaridi, ambayo huchimbwa karibu na Ziwa Manyara, ni ya pete. Piroksini ya mnyororo imo katika lava za Bonde la Ufa. Ulanga, ule unaobanduka vipande vyembamba, ni wa karatasi. Feldspa, iliyomo katika miamba ya volkeno iliyo chini ya jiji hili la Nairobi, ni ya kundi la mwisho. Hata udongo mwekundu wa bustani yangu hapa Spring Valley ni mabaki ya miamba hiyo iliyooza kwa mvua na jua la karne nyingi.

Magadiiti na kenyaiti zimewekwa katika kundi la karatasi. Katikati ya tabaka za silika mna sodiamu na maji. Katika magadiiti kuna sodiamu moja kwa kila silikoni saba. Katika kenyaiti ni moja kwa kumi na moja. Tofauti hiyo si ya bure, kwani inasimulia jinsi madini haya yanavyozaliwa na kubadilika. Maji yenye magadi mengi huyeyusha silika ya miamba ya volkeno na kuikusanya ziwani. Maji ya mvua yanapoingia na kukaa juu ya yale mazito, ukali wa magadi hupungua pale yanapokutana, na silika hutuama pamoja na sodiamu ikawa magadiiti. Baadaye, maji yanayopenya taratibu huondoa sodiamu kidogo kidogo. Magadiiti hugeuka kenyaiti, na hatimaye, sodiamu ikiisha, hubaki kwatzi tupu, yaani jiwe la gumegume.

Huo ndio uliokuwa ugunduzi mkubwa. Wanajiolojia walikuwa wamejiuliza kwa muda mrefu jinsi matabaka ya gumegume yanavyoweza kutokea mahali pasipo na viumbe vyenye magamba ya silika. Jibu mojawapo lilipatikana kwetu, kilomita zipatazo 100 kutoka Nairobi. Hadi leo wataalamu wakikuta gumegume ya namna hiyo katika nchi nyingine huiita gumegume ya aina ya Magadi. Neno ambalo mama zetu hulitamka jikoni limekuwa istilahi ya sayansi duniani.

Huenda msomaji akauliza, je, kuna faida gani? Madini haya hayavaliwi kidoleni wala hayauzwi kwa sonara. Ni kweli. Mwaka huo huo wa 1967 ndipo tanzanaiti ilipojulikana, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya Marekani ikaipa jina hilo na kuitangaza. Leo kila mtoto wa Afrika Mashariki anaijua tanzanaiti kwa sababu inang'aa na ina bei. Lakini iwapo thamani ya jiwe ni bei yake pekee, basi tumefunga shule na kufungua soko. Isitoshe, maabara za ng'ambo huitengeneza magadiiti kwa kupasha moto silika na soda ndani ya maji, ili kuchunguza uwezo wake wa kubadilisha sodiamu yake na madini mengine yaliyomo majini. Wao wanaiunda kwa gharama, sisi tunaikanyaga.

Nionavyo mimi, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, waandishi wa vitabu vya jiografia na kemia waweke mifano ya hapa kwetu mbele na ya ng'ambo nyuma. Pili, walimu wa Nairobi wanaowapeleka wanafunzi Magadi kutazama heroe na chemchemi za maji moto wawaonyeshe pia matabaka meupe yaliyo kandokando ya ziwa, kwa idhini ya wenyeji na bila kuyabomoa. Tatu, wataalamu wa Kiswahili wakae na wanajiolojia, wale wa bewa la Chiromo wakiwemo, watupatie istilahi zilizokubaliwa za mambo haya. Nimelazimika hapa kueleza kwa mifano ya karatasi, nguzo na boriti, na sidhani hilo ni vibaya, lakini mwanafunzi wa Kiswahili anastahili msamiati kamili wa sayansi.

Juu ya hayo yote kuna jambo la nne lisilohitaji fedha wala kamati. Mtoto akileta jiwe darasani, mwalimu asiharakishe kulipa jina. Aseme, "Sijui, hebu tulichunguze." Maneno hayo yalinishinda siku ile, na pengine yaliinyima nchi hii mwanajiolojia mmoja.

Mjukuu wangu amekwisha andika kenyaiti katika zoezi lake, kwenye kundi la karatasi. Amenionya kwamba huenda mwalimu wake akaikata kwa wino mwekundu. Ikiwa itatokea hivyo, nimemwomba aende kwa mwalimu kwa adabu, akiwa na makala haya mkononi.