Gari linapokataa umeme wa nyumba



Magari ya umeme yameanza kuingia katika mitaa yetu. Mengi si mapya. Yametumika kwanza huko Japani, kisha yakashushwa bandarini pamoja na wenzake wa petroli. Familia iliyojinyima ili kulinunua hutarajia kwamba safari za shule, madrasa, soko na hospitali zitapungua gharama. Usiku wa kwanza gari huchomekwa ukutani, na asubuhi linakutwa na chaji ile ile liliyolala nayo. Hapo ndipo maneno huanza ndani ya nyumba: muuzaji ametudanganya, betri imekufa, fedha zimepotea.

Tumeona tulizungumze jambo hili juma hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mara nyingi gari hilo halina ubovu wowote. Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kwamba dawa inayotolewa na baadhi ya mafundi wa mitaani yaweza kuua mtu.

Tuchukue mfano wa Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2010. Betri kubwa ya toleo la mwanzo ina uwezo wa kilowati-saa 24, yaani kiasi cha uniti 24 za luku. Waya wa kuchajia una kisanduku katikati, na wengi hudhani kisanduku hicho ndicho chaja. Sivyo, chaja imo ndani ya gari. Kisanduku ni bawabu. Hupima umeme wa nyumba, hukagua kama waya wa ardhi upo, huliambia gari liruhusiwe kuvuta umeme kiasi gani, na ndipo hufungua mlango. Bawabu akiona kasoro, mlango haufunguki.

Kwa hiyo gari lisipochaji, swali la kwanza lisiwe "limeharibika nini?" bali "nani amekataa?" Huenda ni nyumba, huenda ni waya, huenda ni gari. Taa za kisanduku hutoa jibu. Isipowaka taa yoyote, umeme haukifikii kisanduku, basi tutazame nyumba: uniti zimekwisha, swichi kuu imeanguka, fyuzi ya plagi imekatika, au soketi ni mbovu. Tusijaribu soketi kwa chaja ya simu, maana simu huvuta umeme mdogo mno na haitupi habari ya maana. Tujaribu kwa pasi au birika la umeme. Ikiwaka taa nyekundu au ya tahadhari, kisanduku kimeona hitilafu, na habari zake zinafuata hapa chini. Zikiwaka taa za kawaida na gari likabaki kimya, basi twende kwenye gari.

Kwenye gari, sababu ya kwanza ya kutazamwa ni saa. Magari haya huweza kupangiwa muda wa kuchaji, na wenyewe wa awali huko Japani wengi waliyapangia usiku, umeme unapokuwa nafuu. Saa ya Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Gari lililopangiwa kuanza saa tano za usiku wa kwao litaanza saa kumi na moja jioni kwetu, na mwenye gari anayechomeka baada ya Swala ya Alfajiri atalisubiri kutwa nzima. La ajabu ni kwamba saa hiyo huweza kumpumbaza Mswahili: ifikapo saa kumi na moja jioni yetu, saa ya Kijapani itaonesha 11, naye ataona iko sawasawa. Basi turekebishe saa ya gari na tufute mpango wa muda. Katika Leaf kipo pia kitufe cha kuamuru gari lichaji papo hapo, na taa tatu za buluu juu ya dashibodi hutujulisha kwamba chaji inaingia.

Sababu ya pili ni betri ndogo. Gari la umeme lina betri mbili, ile kubwa ya kuendeshea na nyingine ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Hii ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta za gari, nazo zisipoamka, betri kubwa haifunguliwi ipokee chaji. Gari lililokaa wiki nyingi melini na katika yadi ya muuzaji huweza kufika na betri ndogo iliyokwisha. Fundi aipime gari likiwa limetulia: iliyo nzima na iliyojaa hukaribia volti 12.6, na iliyo chini ya 12 imekaribia kuisha. Watu wamewahi kudhani wanahitaji betri kubwa ya mamilioni ya shilingi, kumbe waliyohitaji ni hii ndogo.

Sababu ya tatu ni mdomo wa kuchajia wenyewe. Kichwa cha waya kisukumwe mpaka kisikike kikibana. Pini zitazamwe kwa tochi kama zina mchanga, kutu au alama ya kuungua. Tusizikwangue kwa kisu wala waya.

Sasa turudi kwenye taa nyekundu. Katika nyumba zetu, chanzo kimoja kikubwa cha taa hiyo ni kukosekana kwa waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Kila soketi ya matundu matatu ina tundu la ethi, lakini kuwapo kwa tundu si kuwapo kwa waya. Nyumba nyingi zimejengwa chumba kwa chumba, na kila chumba kikafungwa umeme na fundi wake. Kwingine nondo ya shaba haikuzikwa kabisa. Kwingine ilizikwa, kisha waya wake ukakatwa wakati wa kujenga uzio au kumwaga sakafu, na hakuna aliyegundua kwa kuwa taa ziliendelea kuwaka na televisheni ikaendelea kuonesha. Ethi haifanyi kazi yoyote inayoonekana mpaka siku ya hatari.

Yupo ndugu yetu mmoja, muumini wa jirani, aliyekutwa na mkasa huu. Fundi aliyeitwa alitazama taa nyekundu na kusema, "Mzee, hilo ni dogo. Nikiunganisha ethi na nyutro hapa nyuma ya soketi, dakika tano tu litachaji." Alikuwa mkweli: lingechaji. Mkewe, aliyekuwa akisikiliza, ndiye aliyezuia. "Baba watoto," alisema, "friji inatupiga shoti tangu Shaaban. Gari limekataa kitu ambacho sisi tumekizoea." Aliletwa fundi mwenye leseni, akakuta waya wa ethi umekatwa chini ya baraza jipya. Tangu baraza lijengwe, nyumba nzima ilikuwa haina kinga, na watoto walikuwa wakifungua friji hiyo miguu mitupu.

Tueleze kwa nini ile dawa ya dakika tano ni hatari. Nyutro ni njia ya umeme kurudi. Ukiiunganisha na ethi nyuma ya soketi, kisanduku hudanganyika kwamba ethi ipo, na taa hugeuka kijani. Lakini bodi ya gari nayo imeunganishwa na ethi hiyo. Siku waya wa nyutro utakapolegea au kukatika, iwe ndani ya nyumba au kwenye nguzo, umeme wa volti 230 utakosa njia ya kurudi na utasimama kwenye bodi ya gari. Gari limekaa juu ya mpira, hivyo halitaonesha dalili yoyote. Mtoto atakayeshika kitasa akiwa amekanyaga ardhi yenye maji ndiye atakayekuwa njia. Fundi aliyemnyamazisha bawabu atakuwa ameshalipwa na kuondoka.

Basi tunasema bila kuficha: taa nyekundu isinyamazishwe. Yapasa kumwita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, apime ethi kwa kipimo chake, asiridhike kwa kuona waya wa kijani na njano ukining'inia. Nondo izikwe mahali penye unyevu, kwa kuwa udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Aidha, aombwe kufunga kwenye bodi ya umeme ile swichi inayokata mara moja umeme unapovuja, ya miliampea 30. Kazi hiyo ni ya nyumba nzima, si ya gari peke yake.

Kuna pia kukataa kwa majira. Gari hukataa saa mbili usiku, likakubali saa tisa usiku. Hapa tutazame nguvu ya umeme mtaani. Jioni kila nyumba hupika, hupiga pasi na kuwasha feni, na volti hushuka. Zikishuka mno, kisanduku husimamisha kazi. Fundi apime volti jioni na apime tena usiku wa manane. Zikishuka hata pale ambapo nyumba yenu haitumii kitu kikubwa, shida iko kwenye njia, na ni haki yenu kulitaarifu shirika la umeme. Zikishuka pale tu gari linapoanza kuvuta, shida huenda ni waya mwembamba au kiungo kilicholegea ndani ya nyumba, na kiungo cha namna hiyo huweza kuanzisha moto.

Moto ndio khofu yetu ya mwisho. Birika la umeme huvuta karibu ampea 10 kwa dakika chache, kisha hupumzika. Gari huvuta kiasi hicho hicho kwa saa kumi na moja au zaidi mfululizo ikiwa betri ilikuwa tupu. Soketi iliyovumilia birika kwa miaka huweza kuyeyuka kwa usiku mmoja. Aidha, ziko nyaya za kuchajia zilizotengenezwa kwa soketi maalumu za Japani, zinazoruhusu gari kuvuta karibu ampea 15. Watu huzikata plagi na kufunga ile ya pini tatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Kinachofuata ni fyuzi kukatika kila mara, na mwenye papara huweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Tusifanye hivyo. Tununue waya uliotengenezwa kwa plagi zetu, au fundi atufungie njia ya peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, yenye waya na swichi vinavyolingana na mzigo. Tusitumie ekstensheni ya dukani. Na usiku wa kwanza, baada ya nusu saa, tuguse plagi kwa mgongo wa mkono: ikiwa vuguvugu ni kawaida, ikiwa haivumiliki tuzime kwanza swichi, ndipo tuichomoe.

Kipo kipimo kimoja kizuri cha kumaliza mabishano kabla ya kumtuhumu muuzaji. Gari na waya wake vipelekwe kwenye nyumba nyingine ambayo ethi yake imethibitishwa. Likichaji huko, gari ni zima na nyumba yenu ndiyo mgonjwa. Likikataa, tujaribu waya mwingine. Likikataa na huo, ndipo tumtafute fundi wa magari ya umeme, na hapo hatuna ruhusa ya kufungua kitu wenyewe. Nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti hubeba mamia ya volti.

Kwa jirani tuombe ruhusa na tulipe uniti tulizotumia. Kadhalika msikitini. Baadhi ya ndugu wameona soketi ya nje karibu na mahali pa kutilia udhu wakadhani ni ya kila mpitaji. Umeme wa msikiti umelipwa kwa sadaka za waumini, nao ni amana. Mwenye dharura aiambie kamati, uniti ziandikwe, naye azirudishe. Na mahali penye maji kama hapo, hata kwa ruhusa, si mahali pa kuchajia gari.

Tukumbushe na hesabu. Nyumba zenye matumizi madogo hulipa bei nafuu kwa kuwa hazizidi uniti 75 kwa mwezi. Kuijaza betri ya uniti 24 mara tatu tu kunakaribia kumaliza kiwango hicho kabla hata friji haijahesabiwa. Mume na mke walijadili hilo mapema, ili luku ya mwezi wa kwanza isije ikazua ugomvi.

Na wewe msomaji usiye na gari la umeme, nyumba yako haina bawabu wa kukuonya. Friji, pasi au bomba la maji ya moto likikutekenya vidole, hiyo ndiyo taa yako nyekundu. Mwite fundi juma hili.

Wabillahi tawfiq.