Kaskazi Ijayo, Tukalale Shimoni

Ndugu zangu Wabajuni wa visiwa vya Fuma, Koyama, Chovai na Chula mlio Lamu, Malindi na Mombasa, na nyinyi mlioko Uingereza mnaokuja likizo: nina ombi. Kaskazi ijayo, kila nyumba yenye watoto ifunge hema, mikeka na masufuria, iende Shimoni, ikalale. Si kushinda na kurudi jioni. Ikalale siku mbili tatu, pamoja na mzee mmoja aliyewahi kuishi dago, yaani kambi ya wavuvi ya msimu.

Natamani ningesema twende Fuma. Lakini tangu dola ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991 safari ya visiwani imekuwa ya mashaka, na hakuna mzazi atakayempakia mwanawe mashuani kumpeleka asikoweza kumlinda. Ujuzi wa dago, hata hivyo, hauwezi kungoja amani, kwa sababu wanaoujua wanatutoka mmoja mmoja. Baba zetu walihama na msimu. Walishuka ufuoni pasipo nyumba, wakasimamisha vibanda, wakavua, wakaanika ng'onda, wakakaa hadi upepo ugeuke. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alipoandika juu ya Wabajuni, kitabu chake cha 1955 alikipa jina la wavuvi wa Bahari ya Hindi, maana ndivyo tulivyokuwa machoni pa kila aliyetufikia. Wazee walivua kasa kwa samaki aitwaye chazo: hufungwa kamba mkiani, akaachiwa, akamganda kasa gambani. Leo kasa analindwa na sheria ya Kenya, na nafurahi kwamba analindwa. Ila mtoto wetu astahili kuisikia habari hiyo akiwa anaitazama bahari yenyewe, na anayemsimulia awe babu yake.

Najua wako watakaosita wakisikia neno hema. Waliovuka mpaka kwa mashua mwaka 1991 na miaka iliyofuata, wakaishia kambi ya wakimbizi ya Jomvu, hema kwao ni foleni ya chakula na kungoja karatasi. Siwalaumu hata kidogo. Na ndiyo sababu nataka wajukuu wao walale hemani kwa hiari, tumbo limeshiba, watu wao wamewazunguka.

Shimoni iko Kwale, kusini ya Mombasa: unavuka Likoni, unapita Msambweni na Ramisi, kisha unakata kushoto kufuata njia ya baharini. Hapo pana ofisi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, yaani KWS, inayosimamia hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti, na wageni wana sehemu ya kupiga hema na vibanda vya kukodi. Kisite ina kilomita za mraba 28 na uvuvi umekatazwa kabisa. Mpunguti ina 11 na wavuvi wa asili wanaruhusiwa kuvua. Wachukueni watoto mkawaonyeshe pande zote mbili, kisha mzee awaulize wameona tofauti gani. Pomboo wataonekana, inshallah, na matumbawe pia, maana wakati wa kaskazi maji huwa maangavu. Ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari kuna kisiwa cha Wasini, kisicho na gari hata moja. Mtu wa Fuma hahitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo.

Kisha kuna pango. Watalii wengi hufika Shimoni asubuhi, hupanda mashua kwenda Kisite, na jioni wako hotelini Diani. Pangoni hupita mbiombio au hawapiti. Sisi tusifanye hivyo. Ni pango la mwamba wa matumbawe, jamii ya mwamba uliojenga visiwa vyetu, na mwanga huingia kwa matundu ya juu. Wenyeji hueleza kwamba watu wao walijificha humo wakati wa mashambulizi, na kwamba baadaye watumwa walifungiwa humo wakingoja kupelekwa Unguja, kabla soko la huko halijafungwa mwaka 1873. Huonyesha pia vyuma vilivyobaki ukutani.

Habari hii inatuhusu hadi kwetu. Kando ya mto Juba, bara ya Kismayo, wanaishi Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa kutoka bara ya Tanga katika karne ya 19, wakauzwa Banadiri, wakatoroka, wakajijengea vijiji msituni. Lugha yao wanaizungumza mpaka leo. Mtoto akisimama pangoni aambiwe kwamba bahari aliyoogelea asubuhi ndiyo iliyowapitisha watu wa namna hiyo, na kwamba mikononi mwa pwani yetu pia imo sehemu ya kisa hicho. Kwa hiyo tuingie na mwongoza wageni wa kijiji, tusipige kelele, na simu zikae mfukoni mpaka amalize kueleza. Ada tulipe bila kuomba kupunguziwa. Pango linaendeshwa na wanakijiji wenyewe, na fedha zake husaidia karo za watoto wao na zahanati.

Matayarisho si mengi. Masika, yaani Aprili na Mei, hema litageuka bwawa, na kusi ikishika bahari haina raha. Desemba mpaka Machi ndio wakati wetu. Angalieni mwezi pia. Mkifika siku za bamvua, watoto wataona maji yakikupwa mbali na kurudi kwa nguvu, na hilo ni somo kubwa kuliko wakati wa maji mafu. Malipo ya hifadhi hufanywa kupitia eCitizen. Yamalizeni nyumbani, na mwenye kitambulisho asikisahau. Chukueni chandarua, maji ya kunywa na makaa, mikoko isiguswe. Mofa ziokwe mapema. Samaki nunueni kwa wavuvi wa Shimoni, wapate riziki.

Na wewe mzee wetu usiyependa kuwasumbua watoto kwa safari, nakuomba usikatae watakapokuja kukuchukua. Kufunga tanga, kuchagua kibao cha kuanikia samaki, kujua kwa upepo wa alfajiri kama leo ni siku ya kutoka: hayo hakuna wa kuwafundisha ila wewe.