Sheng Haina Hatia: Juu ya Uandishi wa Kiingereza katika Mitaa ya Eastlands

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa nchini Kenya, lawama ile ile hufufuliwa: mtoto wa Eastlands hawezi kuandika Kiingereza kwa sababu Sheng imemharibu. Dai hili hutolewa na walimu, wazazi na hata baadhi ya wahakiki wa fasihi, nalo limerudiwa mno hata likachukuliwa kuwa ukweli usiohitaji ushahidi. Wanaolitoa wamesahau kwamba ulimi si kalamu. Kuandika ni ufundi unaofunzwa, na aghalabu mtoto huyu hajafunzwa.

Hapana shaka kwamba Sheng ina athari zake. M. H. Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, walionyesha jinsi msimbo huu ulivyofungamana na mitaa ya Eastlands. Sarufi yake kwa kiasi kikubwa ni ya Kiswahili, na mwanafunzi asiyeelekezwa anaweza kuuhamishia muundo huo katika sentensi ya Kiingereza. Hilo ni kosa la kusahihishwa, kama yalivyo makosa ya yeyote anayejifunza lugha ya pili. Halielezi, hata hivyo, kwa nini insha yenye sarufi isiyo na doa yaweza kukosa neno lolote la kusema.

Chanzo cha maradhi haya kitafutwe darasani. Kuanzia 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtihani wa KCPE ulipima uandishi wa Kiingereza kwa insha moja ya dakika 40. Mafunzo yakaufuata mtihani. Mwanafunzi alikaririshwa misemo ya kupamba, akaibandika popote ilipowezekana. Hivyo mtoto wa Kayole, anayeamshwa na honi za matatu na kelele za makanga, huandika kwamba aliamshwa na jogoo, akafungua dirisha na kutazama mabonde ya kijani. Amefunzwa kwamba maisha yake hayastahili Kiingereza. Mwalimu naye, mwenye rundo la madaftari mbele yake, hutia wino mwekundu penye tahajia mbaya, hutoa alama, na daftari hufungwa. Insha haiandikwi mara ya pili, ilhali ni katika kuandika upya ndipo mtu hujifunza kufuta, kuchagua na kupanga hoja. Mtihani huo umekwisha. Desturi yake haijaisha.

Kosa la pili ni la sera kupuuzwa. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza mtoto aanze masomo, katika madarasa matatu ya kwanza, kwa lugha ya eneo la shule. Katika Eastlands, walikochanganyika watu wa makabila mengi, lugha hiyo ni Kiswahili. Naye Jim Cummins alieleza mwaka 1979 kwamba umahiri katika lugha ya pili hutegemea kwa sehemu umahiri uliokwisha kujengwa katika ya kwanza. Pamoja na hayo, ziko shule ambazo zimemwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili, kisha zikashangaa kumwona hana lugha hata moja ya kuandikia.

Wanaodhani Kiingereza fasaha hakipatani na maisha ya wanyonge wa jiji na wamsome Meja Mwangi. Riwaya yake Going Down River Road, iliyotoka 1976, inasimulia vibarua wa ujenzi wa Nairobi kwa Kiingereza chepesi kisicho na mapambo ya kukaririwa. Mwandishi huyo, ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza, aliandika alichokiona.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Insha ziwe chache, lakini kila moja iandikwe mara mbili. Mada zitoke Jericho, Dandora na Kariobangi. Mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wafunze mpangilio wa hoja kwa pamoja. Wanafunzi wapelekwe katika maktaba za Kaloleni na Makadara wakasome kwa hiari, si kwa mtihani. Mpaka hayo yafanywe, wanaoilaani Sheng watambue kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.