Daftari la Wiki: Wasifu wa Dakika Mbili

Jumatatu. Mwaka umetimia tangu tumzike Bibi kibanjani kwake, ndani ya shamba lake la migomba, Missenyi, kaskazini ya mto Kagera. Siku ile wasifu wake ulisomwa kwa dakika mbili: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto saba, akaugua, akafariki. Niliuandika mimi usiku wa matanga, kwa tochi ya simu, na hadi leo unaniuma. Yote yaliyosomwa ni kweli, ila yangemfaa mama yeyote wa tarafa nzima. Wiki hii naandika niliyoyaacha.

Jumanne. Kahawa. Kwa Bibi mgeni alipewa buni za kutafuna, zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, akiletewa ndani ya kikapu kidogo. Bibi alipiga magoti kumpa, hata kama mgeni mwenyewe ni kijana aliyeleta barua tu. Ni yeye aliyenieleza jinsi wazee walivyochanjiana udugu: tunda moja la kahawa, punje mbili, kila mmoja anapaka damu yake kwenye punje na kummezesha mwenzake. Alisimulia kwa sauti ya chini, kana kwamba wahusika wako chumba cha pili.

Jumatano. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, Oktoba 1978, Bibi alikuwa anapika ndizi. Alimfunga mtoto mmoja mgongoni, wa pili akamshika mkono, akakimbilia kusini na kuvuka daraja la Kyaka kabla halijavunjwa. Ndizi zikabaki mekoni. Miaka yote niliyomuuliza habari za vita, jambo la kwanza kulitaja lilikuwa kile chungu: je, kiliungua, au kuna askari aliyekula?

Aliporudi 1979 alikuta mabati yameng'olewa na ng'ombe wameswagwa. Lakini kilichomliza ni kibanja. Migomba ilikuwa imesongana, machipukizi juu ya machipukizi, kwa kukosa mtu wa kuyapunguza. Alishika panga akaanza kusafisha siku hiyohiyo, na usiku wakalala chini ya majani makavu ya migomba. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu vita vile. Vina vikosi, tarehe na madaraja. Natamani kimoja tu kingekuwa na mwanamke anayepunguza machipukizi akilia.

Alhamisi. Senene wameingia Bukoba, na vijana wanawatega usiku kwa taa kali, mabati na mapipa. Sisi, utotoni, Bibi alikuwa akituamsha alfajiri twende kuwaokota nyasini wakiwa wamelowa umande, hawawezi kuruka. Mikono yetu ilikufa ganzi kwa baridi, naye akituhimiza tusiongee.

Ijumaa. Mama mdogo amenikabidhi daftari la Bibi, lenye jalada lililoliwa na mende. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa yaliyofuata yakamkuta Bibi ana watoto wanne. Alisoma jioni, akitoka shamba, kwa miaka miwili. Siku zote nilidhani alijifunza ili asome Biblia. Kumbe aliandika pia.

Kurasa tisa zina orodha ya waliokuja kumzika Babu, 1984, na walicholeta: sukari kilo moja, debe la maharage, mafuta ya taa chupa mbili. Herufi ni kubwa na zimekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Kila aliyepata msiba baadaye akarudishiwa, Bibi alimkata kwa mstari. Amewakata wote isipokuwa mmoja, jirani aliyehamia Karagwe na familia yake kabla zamu ya Bibi haijafika. Pembeni ya jina lake pameandikwa: ndizi mikungu miwili.

Nimeulizia. Mjukuu wa jirani yule anaendesha bodaboda hapa Bukoba mjini, na nimepewa namba yake. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba umekipunguza sana kibanja chetu, lakini nyuma ya jiko, upande wa kaburi, kuna migomba iliyobeba vizuri. Kesho asubuhi naenda kukata miwili.