Kukompaili nako ni kazi, ilipwe

Ardour, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti, ina utaratibu unaowakera wengi. Msimbo wake wote uko wazi chini ya leseni ya GPL, na yeyote anaweza kuuchukua bila kutoa senti. Lakini anayetaka programu iliyokwisha kukompailiwa, ya kusakinisha na kuanza kazi, anaombwa pesa. Asipotoa, anapewa toleo la majaribio linalonyamaza baada ya dakika 10. Hapo ndipo manung'uniko yanapoanza: programu huria gani hii ya kuuzwa?

Sisi tunaona wenye Ardour wako sahihi, na wengine wangefanya vyema kuwaiga.

Tumalize kwanza la leseni, maana ni fupi. GPL toleo la 2, la mwaka 1991, inaruhusu waziwazi kutoza pesa kwa kumpatia mtu nakala. Inachokataza ni kumnyima msimbo yule uliyempa programu, au kumzuia asiugawe. Ukipewa kitambaa bure, fundi cherehani bado anadai ujira wake, na hakuna anayemwita mwizi. Paul Davis, mwanzilishi wa Ardour, alikuwa miongoni mwa waandishi wa programu wa mwanzo kabisa wa Amazon katikati ya miaka ya 1990. Angeweza kutafuta ulaji penye pesa nyingi zaidi. Amechagua kuishi kwa kazi hii.

Na kazi yenyewe ni ipi? Wanaosema "si ukompaili mwenyewe tu" ama hawajawahi kujaribu, ama wameshasahau walivyoteseka. Chukua ALSA, mfumo wa sauti uliomo ndani ya Linux yenyewe. Ili programu ikompailiwe nayo, kwenye Debian, mojawapo ya distro (mikusanyo) za Linux, unahitaji kifurushi kiitwacho libasound2-dev. Kwenye Fedora kitu hicho hicho kinaitwa alsa-lib-devel. Kwenye Arch ni alsa-lib, basi. Hiyo ni maktaba moja. Ardour inataka pia Boost, libsndfile, FFTW, aubio, Rubber Band, lilv na nyingine kadhaa, kila moja ikiwa na jina lake katika kila distro na toleo lake katika kila mwaka. Ikikosekana moja, kazi inasimama, na ujumbe unaotokea kwenye skrini mara nyingi hauelezi kinachotakiwa.

Tuseme umefaulu. Ulichopata kinafanya kazi kwenye kompyuta yako. Kwa jirani je? Karibu kila programu ya Linux inategemea glibc, maktaba ya msingi ya mfumo. Iliyokompailiwa kwenye mfumo wa zamani kwa kawaida hukubali kwenye mfumo mpya, lakini kinyume chake hakuna uhakika. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, Debian 11 ina 2.31. Ukikompaili kwenye ya kwanza na kupeleka kwenye ya pili, mara nyingi programu itagoma hata kufunguka, ingawa haina jambo jipya lolote inalolitumia. Alpine haitumii kabisa glibc, inatumia musl. Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii huweka makusudi mashine yenye mfumo mkongwe, wakakompaili humo. Ukiwaona utadhani wamepitwa na wakati.

Bado kuna prosesa. Sauti inataka kasi, kwani sampuli 48,000 kwa sekunde kwa kila chaneli hazisubiri. Kwa hiyo mtu hushawishika kumwagiza kompaila atumie kila uwezo wa prosesa iliyo mbele yake. Matokeo yake ni programu inayokimbia kwake na kuzimika ghafla kwenye kompyuta ya zamani isiyo na uwezo huo. Njia iliyo sawa ni kuweka humo ndani namna kadhaa za kufanya hesabu ile ile, kisha programu inapoanza iitazame prosesa na kuchagua. Ardour hufanya hivyo. Ni kazi ya ziada ambayo msikilizaji hataisikia kamwe.

Na kuna yale yasiyopaswa kufungashwa kabisa. Maktaba ya JACK, mfumo wa kuunganisha programu za sauti, lazima ielewane na seva ya JACK inayoendesha kadi ya sauti kwenye mashine ile. Ukifungasha ya kwako, unaalika ugomvi. Tangu Fedora 34 ilipoifanya PipeWire kuwa mfumo wake wa kawaida wa sauti mwaka 2021, hata "JACK" unayoikuta inaweza kuwa PipeWire iliyovaa jina hilo. Mfungashaji mzuri anajua cha kubeba na cha kuacha.

Sheria nayo iliwahi kuleta vurugu zake. LAME, programu maarufu ya kutengeneza MP3, ilikuwa ikisambazwa na wenyewe kama msimbo tu, kwa sababu ya hataza. Fedora haikuweza kuweka kitengeneza MP3 katika hazina yake mpaka hataza hizo zilipoisha mwaka 2017.

Utaambiwa distro zinafanya yote haya bure. Kweli, na wafungashaji wa Debian, wengi wao wakiwa wa kujitolea, wanastahili heshima kubwa. Lakini distro ina kalenda yake. Audacity 3.0 ilitoka Machi 2021 ikiwa na muundo mpya wa faili za mradi, .aup3. Debian 11 ilitoka Agosti mwaka ule ule ikiwa na Audacity 2.4.2, na hata Ubuntu 22.04 ya mwaka uliofuata ilikuja na hiyo hiyo 2.4.2. Mhariri wa redio anayetumia toleo jipya kwenye Windows akimtumia mwenzake wa Debian 11 mradi wa kipindi, mwenzake haufungui. Kila mmoja ana "Audacity". Hakuna aliyekosea, na kipindi hakirushwi.

Hitilafu inapotokea, mtumiaji humwandikia nani? Humwandikia mwandishi wa programu, kuhusu toleo aliloliacha zamani, lililokompailiwa na mtu asiyemjua, kwa maktaba asizozichagua. Ardour hujibu kwamba haihudumii programu zilizokompailiwa na distro; muulize aliyekupa. Jibu hilo linasikika kama ukali. Sisi tunaliona la haki.

Flatpak na AppImage, njia za kufungasha programu mara moja kwa distro zote, zimekuja kwa ahadi ya kumaliza haya, na zimesaidia kiasi. Flatpak, hata hivyo, huifungia programu chumbani mwake: viongezi vya LV2 ulivyosakinisha kwenye mfumo havionekani humo ndani, sharti uvipate upya kwa njia ya Flatpak, kama vipo. Inabeba pia mfumo wake wa msingi wa mamia ya megabaiti, jambo dogo kwa mwenye waya wa intaneti Ulaya na jambo zito kwa anayenunua bando Morogoro au Kisumu. AppImage ni faili moja tu na ni nyepesi kuigawa, lakini haijakwepa glibc, na nyingi zilikwama kwenye Ubuntu 22.04 kwa sababu maktaba ya FUSE ya zamani ilikuwa haiji tena na mfumo. Nazo pia lazima mtu azitengeneze, azijaribu na azirekebishe.

Kwa hiyo, waandishi wa programu za sauti watoe wenyewe nakala zilizokompailiwa, kwenye mfumo mkongwe kuliko yote ambayo bado inahudumiwa, na wadai malipo bila kuona haya. Distro ziendelee kufungasha, ila zimwambie mtumiaji waziwazi kwamba toleo alilonalo si la mwandishi, na matatizo yake yaanzie kwao. Vyuo na vituo vya redio vinavyoendesha studio kwa Linux vitenge fungu la programu huria katika bajeti, kama vinavyotenga la maikrofoni na nyaya. Hadi sasa vingi huandika sifuri hapo, kisha hushangaa programu ikikaa miaka bila kurekebishwa.

Asiye na uwezo hafungiwi mlango. Msimbo uko pale pale, na Ardour iliyomo katika hazina ya Debian hainyamazi baada ya dakika 10.