Mafuta ya Chuuk Yana Wenyewe

Katika Bahari ya Pasifiki, kwenye Shirikisho la Mikronesia, viko visiwa vya Chuuk ambavyo wazamiaji wa dunia nzima huvisifu. Hujifunga mitungi ya hewa, wakashuka katika maji yaliyozungukwa na mwamba, wakaziona meli zilizolala chini zimevikwa matumbawe. Shinkoku Maru, iliyokuwa meli ya mafuta, leo ni bustani ya samaki. Na ndani ya ngama ya Fujikawa Maru zingalimo ndege za vita.

Uzuri huo umezaliwa na maangamizi. Tarehe 17 na 18 Februari 1944, majeshi ya Marekani yaliishambulia ngome hiyo ya Wajapani. Meli zaidi ya 40 zilizama, ndege zaidi ya 200 ziliharibiwa, na maelfu ya watu walikufa. Wengi kaburi lao ni meli hizo hizo. Basi mzamiaji yampasa aingie humo kama aingiavyo makaburini: atazame, asichukue kitu. Sheria ya Chuuk nayo yakataza.

Lakini liko jambo zito zaidi. Katika matangi ya baadhi ya meli hizo mngali na mafuta, na chuma kilichokaa katika maji ya chumvi miaka zaidi ya 80 hakidumu. Hoyo Maru imekwisha kuvuja. Siku tangi kubwa litakapopasuka, matumbawe yatakufa na mikoko itachafuka. Mgeni atakwenda kuzamia penginepo. Mvuvi wa Chuuk hana pa kwenda.

Huenda wakatokea wa kusema kwamba meli ziachwe kwa heshima ya wafu. Twajibu kwamba kuvuta mafuta kwa bomba si kufukua kaburi. Wengine watasema kwamba visiwa hupata fedha za wageni, basi na vigharimie. Hilo si haki hata kidogo. Watu wa Chuuk hawakutangaza vita ile wala hawakuulizwa shauri. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini hatujapata kusikia nyasi zikidaiwa gharama za vita.

Japani imekwisha kugharimia uondoaji wa mafuta katika baadhi ya meli, nayo yastahili sifa. Haitoshi. Marekani, iliyozizamisha, haina budi kutia mkono, na kazi iendelee mpaka tangi la mwisho. Kutu haingoji mikutano.