Kabla ya Kuihukumu Kabureta

Bwana mwandishi, pamoja na taadhima yangu kwa makala yako, naona umeharakisha kuihukumu kabureta trekta linapozimika. Trekta la Ferguson TE20 la petroli, lililoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, halina pampu ya mafuta. Petroli huteremka kwa uzito wake kutoka tangi lililo juu ya injini, na kwa hiyo kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi kikizibwa na vumbi, injini itawaka vyema, itafanya kazi kitambo, kisha itazimika. Fundi hodari hulegeza kifuniko kwanza. Injini ikirejewa na nguvu, maradhi yamedhihirika bila ya kushika spana. La sivyo, na afunge bilula ya mafuta, afungue kikombe cha kioo kilicho chini yake, atazame: maji hujitenga chini ya petroli, yakiviringika kama shanga.

Ama shauri lako la kuzibua jeti ya kabureta kwa waya, silikubali abadan, kwani tundu lile limepimwa, na waya hulipanua, hata trekta likabugia mafuta na kutoa moshi mweusi. Kulipuliza kwa pampu ya baiskeli kwatosha. Na wenye trekta la mafuta ya taa walirudishe kwenye petroli kabla ya kulizima, ama sivyo asubuhi yake watataabika kuliwasha.